Unga Usio na Sukari

Tarehe 3 Februari

Bonge wangu,

Usishangae kupata barua wakati simu zipo. Simu siziamini tena. Mara ya mwisho tulipoongea nilisikia mtu anakohoa nyuma yako, nikauliza nani huyo, ukasema ni redio. Redio gani inakohoa? Ndiyo maana barua hii nimempa utingo wa basi la asubuhi, yule mwenye pengo, akukabidhi wewe mkononi. Si mume wako. Wewe.

Sasa nikueleze. Jirani yangu mshona nguo kanionyesha picha kwenye simu yake, harusi ya mfanyakazi mwenzako. Akaniwekea kidole: "Huyu si binti yako?" Nikamwambia toka hapa, binti yangu akipigwa picha anaijaza, huo ni ufito umevishwa gauni. Akaikuza. Nikaliona lile kovu la kidevuni, pale ulipoangukia beseni. Nikakaa chini.

Mwanangu, mimi ni mpishi mkuu wa shule ya bweni. Nimelisha watoto wa watu miaka nenda miaka rudi, na hakuna aliyerudi kwao mbavu zinahesabika. Wazazi huja jikoni kunishika mkono. Mkuu wa shule mwenyewe huwaambia wageni, "Huyu mama ndiye shule." Na wewe ndiye uliyekuwa tangazo langu. Ukipita getini na mashavu yako yale, mtu alijua bila kuuliza nani anapika humu ndani. Leo mshona nguo ananipa pole, ile pole yenye meno: "Labda huko kazi ni nyingi." Nikamjibu ndio mtindo wa mjini. Nikaingia ndani nikalia.

Unaumwa? Unanyimwa? Tangu ile semina yako ya mwaka jana, ambayo simu hukupokea hata moja, umebadilika mpaka sauti. Na hii ya "Mama, nimeacha sukari" imetoka wapi? Mtu haachi sukari hivi hivi. Anaachishwa.

Nakutumia unga wa uji, nimeukaanga na kuusaga mwenyewe. Usiogope, sukari sikutia hata chembe. Utamu utakaouonja ni wa ndizi na karoti nilizokausha juani. Kunywa asubuhi na jioni. Na jibu upesi, mwandiko uwe wako.

Mama yako


Tarehe 13 Februari

Shikamoo Mama,

Barua na unga vimefika. Mlinzi wa ofisi yetu alitaka kumpokea utingo mzigo, utingo akakataa. Akapanga foleni na watu wanaolipia maji mpaka akafika dirishani kwangu. "Nimeagizwa mkononi!" Ofisi nzima ikacheka.

Mama, siumwi na sinyimwi. Nimekuwa natembea sana, basi. Na nikwambie ukweli, napenda. Juzi nilikaa kwenye basi, kiti kimoja, na mtu akakaa pembeni yangu bila kuguna. Nilitaka kumshukuru. Ngazi za ofisini napanda mpaka juu bila kushika ukuta. Mteja mmoja wa zamani kaniuliza, "Yule dada mnene wa dirisha hili kahamishiwa wapi?" Nikamwambia yuko likizo. Akasema nimsalimie.

Kitambaa nilichofunga kwenye picha ni kwa sababu nimekata nywele. Joto.

Uji nimeukoroga, ni mtamu kama ule wa utotoni. Kikombe kizima sikiwezi kwa mkupuo, nakunywa kidogo kidogo nikiwa kazini. Fundi wangu anakusalimu. Aliyekohoa alikuwa yeye, alikuwa na mafua. Sijui kwa nini nilisema redio. Labda nilijua utauliza anatafuta nini hapo.

Wako,
Bonge


Tarehe 20 Februari

Bonge wangu,

Njia ya mwongo fupi, na yako imeishia mlangoni kwangu. Kutembea! Tarishi wa shule yetu anatembea tangu mimi ni msichana, na kitambi chake bado kinamtangulia kufika.

Nywele umekata kwa joto, wewe uliyenuna wiki nzima nilipokupunguzia ncha tu? Na kikombe kizima hukiwezi, wewe? Wewe uliyekuwa ukimaliza chako unashika cha kaka yako unamwambia "tazama ndege"? Mwanangu, mimi darasa niliishia la tano, lakini hesabu ya sahani naijua. Mtu hakondi namna hiyo kwa miguu. Anakonda kwa mdomo, na mdomo kuna mtu kaufunga.

Sitaji mtu. Lakini huyo Fundi wako, mwili wenyewe spoku ya baiskeli. Siku aliyokuja kuposa nilimpakulia kwa mkono wangu huu, akala robo, akasema ameshiba. Ameshiba! Chakula changu! Tangu siku hiyo sijamwelewa. Watu wa aina ile, kuona mwenzao anatafuna kunawauma. Na kazi yake ni kutengeneza mafriji. Anayejua kufungua friji anajua pia kulifunga. Je, lenu lina kufuli?

Kama anasoma barua zako na huwezi kusema, kunja pembe ya karatasi. Nitaelewa, nitapanda basi siku hiyo hiyo.

Unga mwingine huu hapa. Tumia kile kikombe kikubwa cha bati.

Mama yako ambaye hadanganyiki


Tarehe 5 Machi

Shikamoo Mama,

Pembe sijakunja. Ikifika imekunjika ujue ni mfuko wa utingo.

Friji letu halina kufuli. Tena halipoi. Fundi wa mafriji wewe unamjua, la mteja linagandisha, la kwake linachemsha maziwa. Mama, naomba umwache. Ndiye anayepika siku hizi, maana mimi nikirudi nakuwa sina nguvu. Ananikatia vipande vidogo kama vya mtoto na hajawahi kulalamika.

Sikutaka kukwambia lakini utauliza. Wiki hizi siko sawa. Asubuhi nikiwa dirishani jasho linanitoka mpaka risiti zinalowa, moyo unakimbia kama nimefukuzwa na mbwa, halafu magoti yanalegea. Natafuta ni kitu gani kinanidhuru. Nimeacha chai, nimeacha mayai, nimeacha maharage, karibu kila kitu nimeacha. Uji wako tu ndio nimebaki nao. Huo angalau najua kilichomo.

Usiwe na wasiwasi. Itapita.

Bonge


Tarehe 11 Machi

Mwanangu,

Jasho! Moyo! Magoti! Na anayepika ni yeye!

Unasubiri nini, upigiwe ngoma? Unawekewa kitu. Nimekaa jikoni umri wangu wote, najua jinsi chakula kinavyoweza kubeba siri. Mshona nguo naye kasema hivyo hivyo, kabla sijamaliza kumsomea. Vipande vidogo, eti vya mtoto! Mtu mzima anakatiwa vipande vidogo ili asione kilicho katikati.

Nisikilize. Kuanzia leo usitie mdomoni chochote alichopika. Mwambie huna hamu. Kunywa unga wangu peke yake, asubuhi, mchana na jioni, kikombe kikubwa, na ukimaliza ramba kijiko. Huu wa leo nimeuongezea nguvu. Ufiche kabatini ofisini, asiuone.

Mimi ndiye niliyekuzaa. Kwenye dunia hii kuna chungu kimoja tu usichohitaji kukichungulia, nacho ni changu.

Mama yako


Tarehe 22 Machi

Shikamoo Mama,

Ni mimi Bonge, ila anayeandika ni Fundi, mimi nasema. Nimevunjika mkono wa kulia. Nilizirai kwenye ngazi za ofisini nikaporomoka. Nimelazwa hospitali, naendelea vizuri. Daktari ananiuliza nilichokula, namwambia siku hizi ni uji wa mama tu, usio na sukari. Anakuna kichwa.

Usije, Mama. Nitapona.

Bonge


Tarehe 27 Machi

Kwako Fundi,

Salamu sina.

Nimepata barua yenye jina la mwanangu na mwandiko wako. Herufi zimenyooka kama nyaya. Mkono umevunjika wa kulia, sawasawa na ule wa kuandikia! Na mwisho "usije Mama". Binti yangu akijikwaa kidole huniita. Leo kaporomoka ngazi anasema nisije? Hayo ni maneno yako, umeyaandika, ukamtia mdomoni.

Sasa nikuvue nguo, maana unadhani unacheza na mwanamke wa darasa la tano. Ule unga niliosema hauna sukari, una sukari. Nilijua umemkataza, nikakuzunguka. Kila debe nimelitia sukari, si ya kupimia na kijiko, ya kumimina, na maziwa ya unga, na asali juu yake. Ule wa mwisho nimeuzidishia mara mbili, na nimemwambia ni ndizi na karoti ili usimwekee kizuizi. Unga huo ukimpa mwiko utaota mashavu. Nimenenepesha bweni zima kwa mkono huu! Basi nieleze wewe mwenye akili ya mashine: mtoto anakunywa asubuhi, mchana na jioni, na bado anakonda, anatoka jasho, anaanguka. Kwa nini? Ama unga unaunywa wewe, na huo wembamba wako unakuficha. Ama kuna kitu unamtilia kinachoushinda. Chagua moja.

Nakuja na mjomba wake, yule askari magereza mstaafu. Andaa majibu.

Mama mkwe wako, kwa sasa


Tarehe 31 Machi

Shikamoo Mama,

Barua yako niliisomea karakanani nikiwa nimesimama. Nilipofika kwenye sukari nilikaa juu ya friji la mteja.

Mke wangu aliniapisha nisikwambie. Leo navunja kiapo, nitagombana naye mwenyewe.

Mwaka jana hapakuwa na semina. Alikuwa hospitali. Sukari ya damu yake ilikuwa juu, presha juu, magoti hayambebi, na daktari alimwambia kwamba njia anayokwenda mwisho wake unajulikana. Alipasuliwa, mfuko wa chakula ukapunguzwa. Kilichobaki ni chembamba kama ndizi ndogo. Ndiyo maana hawezi kikombe. Ndiyo maana vipande vidogo. Nywele hakukata, zilidondoka kwa kuwa mwili ulishtuka, zimeanza kurudi.

Na ndiyo maana sukari. Kwa mtu aliyepasuliwa hivyo, sukari nyingi haikai tumboni, inateremka yote kwa pamoja. Mwili unashtuka, jasho, moyo mbio. Baada ya muda sukari ya damu inaporomoka, naye anaporomoka nayo. Tulielezwa tangu siku ya kwanza. Daktari nimempelekea barua yako. Kasoma kile kipande, akavua miwani, akasema, "Basi tumepata."

Uji siunywi, Mama. Siku moja nilionja nikamwambia, mbona huu umezidi utamu? Alinigombeza mpaka jirani akagonga ukuta. "Mama yangu hawezi kunidanganya." Nikanyamaza. Hilo ndilo kosa langu, na ninakuomba radhi kwa hilo.

Nilimuuliza kwa nini akufiche. Akasema, "Mama ananionyesha kwa watu. Nikikonda nitakuwa nimemfungia duka."

Siku ya kuposa sikushiba. Niliogopa.

Mjomba aje, tutampokea.

Fundi


Tarehe 16 Aprili

Mama,

Huu ni mkono wa kushoto, kwa hiyo usianze. Maneno ni yangu yote.

Fundi kaniambia. Nimesubiri barua yako, kila basi likiingia, utingo ananipungia mikono mitupu. Umenyamaza. Wewe! Bora ungenitukana.

Nilikuficha, ni kweli, na sikufanya vizuri. Lakini mimi nilificha tumbo langu, Mama. Wewe ulilitilia kitu. Niliacha kila chakula nyumbani humu nikakiita adui. Nilimtazama mume wangu akikaanga yai nikajiuliza, je, kama Mama anasema kweli? Nilimtazama hivyo siku nzima, na yeye akaniuliza kama nataka chumvi. Nikalimwaga yai lake kwenye sinki, nikanywa uji wako.

Sasa nashuku kila kitu. Juzi jirani kaniletea ndizi mbichi, nikamuuliza kazifanyaje. Ndizi, ndani ya ganda lake!

Unataka kujua ilivyo? Kuna siku nafurahi nataka kukimbia barabarani. Nimekunja miguu nikaiweka mmoja juu ya mwingine, jambo ambalo sikuwahi kuliweza tangu nikue. Na kuna siku ngozi ya tumbo inaning'inia kama shuka lililoanikwa, nageuza kioo ukutani. Kuna siku nakaa mbele ya kisahani naikumbuka njaa kama rafiki aliyehama bila kuaga. Watu wananisifia na mimi nalia chooni. Hakuna aliyeniambia kuwa ni yote mawili. Nilitaka kukuambia wewe.

Kwa hiyo njoo. Lakini njoo mikono mitupu. Hata limau usilete. Na ukishuka stendi Fundi atafungua begi lako aliangalie. Si wazo lake. Kakataa kabisa, anasema mkwe hapekui begi la mama mkwe, ni laana. Nimemwambia asipolipekua nitakuja kulipekua mimi na plasta yangu.

Ukiona ni aibu, usije. Sitakasirika. Nitakupenda kwa mbali.

Bonge


Tarehe 21 Aprili

Mwanangu,

Nilinyamaza kwa sababu kila barua niliyoanza ilianza na "lakini". Nimezichana zote. Za kuwashia jiko zimetosha.

Nitasema lililoniuma nimalize. Si kisu. Waliokushauri wana macho, na mimi nilikuwa nikiona magoti yako yanavyokusumbua nikasema ni unene wa baraka. Kilichoniuma ni kwamba uliamka kutoka usingizi wa dawa, ukafumbua macho, na aliyekuwa mlangoni hakuwa mimi. Halafu nikajiuliza, ningekuwepo ningefanya nini? Ningekuwa nimebeba chupa ya uji.

Lile yai ulilomwaga nalifikiria. Nimepika maisha yangu yote na sijawahi kusikia mtu kamwaga chakula cha mtu mwema kwa ajili ya changu kibaya. Unga uliobaki umwage. Usimpe mtu, usimpe kuku.

Mjomba haji. Nimemwambia safari imeahirishwa, akakasirika, alikuwa ameshapiga buti rangi.

Mshona nguo kaniuliza tena habari zako, kainyoosha ile shingo yake. Nikamwambia picha ile ni ya binti yangu na amependeza. Sikuongeza neno. Unanijua mimi, kutoongeza neno kwangu ni homa. Ya hospitali ni yako, utasema mwenyewe ukitaka.

Nakuja Ijumaa kwa basi la asubuhi. Nitakaa kwenye kiti nikutazame ukila hicho kisahani chako, na mdomo wangu nitaushika. Ukiniona naufungua, kohoa.

Sasa la begi. Mimi sijawahi kwenda kwa mtu mikono mitupu. Marehemu mama yangu alisema mgeni asiye na mzigo ni mwizi aliyewahi kufika. Nimefunga leo: gauni mbili, ndala, mswaki, dawa yangu ya mgongo. Nikalinyanyua, jepesi, nikalifungua tena nikidhani nimesahau kitu. Nikatia pakiti ya biskuti, zangu mwenyewe za kula njiani. Nimezitoa. Njiani nitakaa na njaa.

Mwambie Fundi asione haya. Lile friji bado nitalichungulia mwenyewe, siwezi kukuficha, lakini kwenye begi haki ni yenu. Na asinivute pembeni eti kunistiri. Nitalifungua mimi palepale stendi, mbele ya utingo na abiria wote, nilishike mdomo wazi kwa mikono miwili, na yeye atie mkono mpaka chini.

Mama yako